Somo Letu: Kinanda cha Kikundi na Kesho Yake



Kwa kawaida kurasa hizi huzungumza juu ya mbuzi wa maziwa, matangi ya maji na kuweka akiba. Leo tunataka kuzungumza juu ya kinanda cha umeme, kile ambacho vijana wanakiita kibodi. Kama mtu atauliza kinanda kinahusiana vipi na maendeleo, tumsimulie kisa kimoja.

Kikundi kimoja tulichokitembelea kina akina mama na vijana. Wao huimba kwenye arusi, kwenye matanga na kwenye harambee. Walinunua kinanda kikubwa kilichokwisha tumika, kizuri, chenye mlango wa disketi. Kijana mmoja aliyejua kukicheza alikaa nacho jioni nyingi akapanga nyimbo zao zote: ngoma, besi, gita na tarumbeta. Kila wimbo aliuweka kwenye disketi. Kwa miaka kadhaa kinanda hicho kiliwaletea pesa, na karo za watoto wengi zilitoka hapo. Kisha yule kijana akapata kazi mjini. Muda si mrefu mlango wa disketi ukakataa kusoma. Fundi akaufungua, akapuliza vumbi, akaufunga, lakini wapi. Disketi mpya dukani hakuna. Nyimbo zao zilikuwa mle ndani na hakuna aliyeweza kuzifikia, wala hakuna mwingine aliyejua kuzipanga upya.

Tulipofika, kinanda kilikuwa kimefunikwa kwa leso kwenye pembe ya stoo. Mama mweka hazina akatuuliza: "Sasa tununue kingine, ama tuachane na hii maneno ya kinanda kabisa?"

Hatukumjibu siku hiyo, kwa sababu jibu linahitaji kufikiriwa. Somo hili ndilo jibu letu. Tunawaomba mlisome mkiwa pamoja, sehemu moja moja. Anayesoma vizuri asome kwa sauti, wengine wasikilize, kisha mjadiliane kabla ya kuendelea.

1. Vinanda viwili vinavyofanana kwa sura

Ukiingia dukani utaona vinanda vingi vyenye vidole vyeupe na vyeusi, na vyote utadhani ni ndugu. Lakini kuna aina mbili ambazo ni lazima kuzitofautisha, kwa sababu kazi zake si moja.

Aina ya kwanza inaitwa arenja. Ndani yake kuna bendi nzima inayongojea amri. Mchezaji anachagua mdundo, ambao unaitwa staili, tuseme rumba au waltz. Kwa mkono wa kushoto anabonyeza noti tatu pamoja, yaani kordi. Mara moja ngoma, besi na gita zinaifuata kordi hiyo. Akihama kutoka doh kwenda fah, bendi yote inahama naye. Mkono wa kulia unabaki huru kucheza sauti ya wimbo. Kuna kitufe cha kuanzia wimbo, vitufe vya kuongeza au kupunguza mdundo, na kitufe cha kumalizia.

Huu si uchawi. Watu waliketi kiwandani wakarekodi kila staili katika kordi moja au chache, na mashine inapandisha au kushusha noti zile kufuatana na mkono wako wa kushoto. Kwa hiyo ukibonyeza kordi isiyo sahihi, bendi yote inakosea pamoja nawe, tena kwa sauti kubwa.

Aina ya pili inaitwa wokisteshoni. Hiyo ni kama karakana ya seremala. Msumeno upo, randa ipo, misumari ipo, lakini kiti utakitengeneza wewe. Unarekodi ngoma kwanza, juu yake unaweka besi, juu yake piano, juu yake sauti nyingine, mpaka wimbo unakamilika ndani ya kinanda hicho hicho bila kompyuta. Arenja ni kiti kilichokwisha tengenezwa: wewe unakaa tu na kuanza kazi.

Kikundi kinachocheza mbele ya watu kila juma kinahitaji arenja. Kikundi kinachotaka kutunga na kurekodi ndicho kinachohitaji wokisteshoni. Tumeona kikundi kimenunua wokisteshoni ya bei ghali kwa sababu "ni kubwa", kisha kwenye arusi hakuna mdundo unaolia. Mchezaji alikuwa hajapanga kitu.

2. Vyombo hivi vilitoka wapi

Hatuwezi kujua kinakoelekea kitu bila kujua kilikotoka. Zamani haikuwa rahisi kuunganisha kinanda cha kampuni moja na cha kampuni nyingine. Mwezi wa Januari 1983, kwenye maonyesho ya biashara ya vyombo vya muziki huko California, Marekani, kinanda cha kampuni ya Sequential na kimoja cha Roland viliunganishwa kwa waya. Ukibonyeza kimoja, kingine kinalia. Lugha waliyotumia inaitwa MIDI, na mpaka leo vinanda vinaitumia.

Mwaka 1988 kampuni ya Korg ya Japani ilitoa kinanda kinachoitwa M1, na hicho ndicho kilichoieneza wokisteshoni duniani. Mwaka huo huo Roland walitoa arenja iliyoitwa E-20. Tena mwaka huo huo watengenezaji walikubaliana juu ya namna moja ya kuhifadhi wimbo wa MIDI, ili wimbo uliopangwa kwenye mashine moja ufunguke kwenye nyingine. Mwaka 1991 wakakubaliana hata namba za sauti: namba 1 iwe piano, namba 57 iwe tarumbeta, mpaka 128. Shikeni sana jambo hili la makubaliano, maana tutalirudia.

Afrika Mashariki nayo haikubaki nyuma. Katika miaka ya 1990 taarab ya kisasa ya Zanzibar na Dar es Salaam ilianza kutegemea kinanda kufanya kazi ambayo zamani ilihitaji wapigaji wengi. Makanisani mwetu pia, kinanda kimoja kimeshika nafasi ya gita, besi na ngoma. Kilipunguza gharama, ni kweli. Kilipunguza pia idadi ya watu wenye kazi ya kufanya siku ya wimbo.

3. Vinaelekea wapi

Hatuwezi kutabiri kama manabii. Lakini kuna dalili nne ambazo kila mtu anaweza kuziona.

Ya kwanza, watengenezaji wa arenja wamepungua. Technics, waliokuwa na jina kubwa, waliacha kutengeneza vinanda hivi. Kampuni ya Generalmusic ya Italia ilifilisika. Mwaka 2013 Roland walifunga tawi lao la Italia lililokuwa likitengeneza arenja. Lakini kupungua si kufa. Yamaha walitoa Genos mwaka 2017 na Genos2 mwaka 2023. Korg walitoa Pa5X mwaka 2022. Casio bado wapo, na Ketron wa Italia bado wapo. Tatizo ni kwamba zile za juu zinauzwa kwa maelfu ya dola, na hizo si za kikundi cha kijijini. Zinazotuhusu ni zile ndogo za Yamaha na Casio, ambazo nyingi hutumia adapta au betri za kawaida. Sisi tunaona hizo zitakaa, kwa sababu hazihitaji intaneti, hazihitaji kompyuta, na mtoto wa darasa la sita anaweza kuziwasha.

Ya pili, kazi ya wokisteshoni imehamia kwenye kompyuta na simu. Yamaha walipotoa Motif mwaka 2001, kurekodi wimbo mzima ndani ya kinanda ilikuwa sifa yake kubwa. Walipotoa Montage mwaka 2016, sehemu hiyo waliipunguza sana, kwa sababu wanamuziki wengi walikuwa wanarekodi kwa kompyuta. Leo kijana mwenye simu anaweza kupata programu ya bure kama BandLab na kupanga sauti moja juu ya nyingine. Wapo wanaorudisha karakana ndani ya kinanda, kama Akai walivyofanya mwaka 2022 na kinanda chao MPC Key 61. Lakini kwa kikundi kisicho na pesa nyingi, wokisteshoni ya bei nafuu ni simu iliyo mfukoni mwa mmoja wenu.

Ya tatu, kinanda chenyewe kimekuwa kompyuta. Korg Kronos, ya mwaka 2011, ina kompyuta kamili ndani yake, na ukiiwasha unangoja kama unavyongoja kompyuta iamke. Uzuri wake ni kwamba kampuni inaweza kuongeza sauti na kurekebisha makosa kwa programu mpya. Ubaya wake ni kwamba inazeeka kama kompyuta. Piano ya mbao ya miaka hamsini inaweza kutengenezwa na fundi mvumilivu. Kompyuta ikiharibika moyo wake, fundi wa soko hana la kufanya, na vipuri vinaweza kuwa havitengenezwi tena.

Ya nne, sasa kuna programu zinazotunga wimbo mzima zenyewe. Unaandika maneno machache, na mashine inaleta wimbo wenye sauti ya mwimbaji, ngoma na gita. Suno na Udio ni mifano. Mwezi wa Juni 2024 kampuni kubwa za muziki za Marekani zilizishtaki zote mbili mahakamani, zikidai kwamba zilitumia rekodi za watu bila ruhusa. Kikundi chenu kisiharakishe kuuza wimbo uliotungwa kwa njia hiyo na kuuita wenu. Tena jiulizeni: mtu anapowaalika kwenye arusi ya binti yake, anataka kusikia mashine, ama anataka kuwaona Mama Achieng' na wenzake wakiimba?

4. Ni nini kinachozeeka, na ni nini kinachodumu

Hapa ndipo kisa chetu cha disketi kinapoingia. Sony, waliokuwa wauzaji wakubwa wa disketi, waliacha kuziuza Japani mwaka 2011. Kinanda kile hakikuwa na kosa. Njia ya kuhifadhi ndiyo iliyokufa.

Vinavyozeeka upesi ni hivi: mlango wa kuhifadhia, kioo cha kugusa, vitufe, adapta, na betri ndogo ya duara iliyo ndani ya baadhi ya vinanda vya zamani. Korg M1, kwa mfano, ina betri hiyo, na ikiisha kinanda kinasahau sauti na nyimbo ulizohifadhi. Anayenunua kinanda cha mtumba aulize habari za betri hiyo kabla ya kutoa pesa.

Staili nazo zina shida yake. Kila kampuni ina namna yake ya kuandika staili. Staili ya Yamaha haiingii kwenye Korg hivi hivi, wala ya Korg kwenye Casio. Ukibadilisha kampuni, kazi yako ya staili inabaki nyuma.

Wimbo uliohifadhiwa kwa njia ya MIDI ni tofauti. Huo unafanana na karatasi ya solfa. Karatasi ya solfa haiimbi. Inasema tu doh iko wapi, me iko wapi, na kila sauti ishikwe kwa muda gani. Kwaya ya Kisumu ikiichukua itaimba kwa sauti zake, na kwaya ya Voi itaimba kwa sauti zake, lakini wimbo ni ule ule. Ndivyo MIDI ilivyo. Wimbo uliohifadhiwa hivyo miaka ya 1990 unaweza kufunguliwa leo kwenye kompyuta au kwenye kinanda kipya, kwa sababu ya yale makubaliano tuliyoyataja.

Kwa hiyo, kila wimbo wa kikundi uhifadhiwe kwa njia tatu:

Kwanza, uandikwe kwenye daftari kwa solfa pamoja na maneno na kordi zake. Daftari halihitaji stima.

Pili, uwekwe kwa njia ya MIDI kwenye flashi mbili. Moja ikae na katibu, nyingine ikae ofisi ya parokia au kwa mwanachama mwingine, zisikae nyumba moja.

Tatu, wimbo uimbwe na kurekodiwa kwa simu, na rekodi ipewe wanachama kadhaa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nyimbo zenu nazo ni mali.

5. Kuhesabu gharama

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana Yesu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye ni lazima kwanza aketi na kuhesabu kama ana mali ya kuumaliza. Vikundi vingi huhesabu bei ya kununua tu. Vinasahau bei ya kununua tena.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kinanda, stendi, adapta na mfuko wake vimewagharimu shilingi 60,000. Tuseme mnatarajia kitawatumikia miaka 8. Gawanyeni 60,000 kwa 8, mnapata 7,500 kwa mwaka. Gawanyeni kwa miezi 12, mnapata 625 kwa mwezi. Kama mko wanachama 25, hiyo ni shilingi 25 kwa kila mtu kwa mwezi. Kwa sababu bei hupanda, wekeni 30. Baada ya miaka 8 mtakuwa na shilingi 72,000 bila kuitisha harambee.

Pesa hizo ziwekwe mbali na zile za meri-go-raundi, na zisikopeshwe. Kinanda kikikodiwa kwenda arusi, sehemu ya malipo iingie hapo pia. Mweka hazina aandike kila kitu: siku, aliyekodi, kiasi, na hali ya kinanda kilipotoka na kiliporudi.

Kabla ya kununua, tumeni watu watatu, si mmoja, na mmoja wao awe mchezaji. Waende maduka matatu. Waulize haya:

Je, vidole vya kinanda vinahisi nguvu ya mkono, yaani ukibonyeza polepole sauti inakuwa ndogo? Visivyohisi vitamharibu anayejifunza.

Je, kinaweza kuhifadhi wimbo kwenye flashi au kuunganishwa na simu na kompyuta kwa waya?

Je, adapta yake inapatikana mjini kwetu, na je, kinaweza pia kutumia betri za kawaida?

Je, kuna fundi karibu aliyewahi kufungua cha aina hiyo?

Je, risiti itaandikwa jina la kikundi? Isiandikwe jina la mwenyekiti wala la mchezaji. Ugomvi mwingi umeanzia hapo.

Kama ni cha mtumba, kila kidole kibonyezwe, kila kitufe kijaribiwe, na kiwake angalau nusu saa kabla ya kulipa.

6. Stima, vumbi na panya

Kinga ni bora kuliko tiba, kwa hiyo tuorodheshe.

Adapta ngeni isichomekwe hata kama tundu linaingia. Nyuma ya kinanda kuna mchoro mdogo unaoonyesha volti na kama ncha ya katikati ni chanya au hasi. Adapta ionyeshe vile vile, na nguvu yake ya ampea isiwe chini ya ile inayotakiwa.

Wenye sola, sikilizeni hapa. Kinanda cha volti 12 kisiunganishwe moja kwa moja kwenye betri ya sola. Betri ya volti 12 inapochajiwa inaweza kupita volti 14. Tumieni kifaa cha kutuliza umeme, au betri za kawaida za kinanda chenyewe.

Kwenye jenereta, washeni jenereta kwanza ikae sawa, ndipo kinanda, na mwisho amplifaya. Wakati wa kuzima, anzeni na amplifaya. Mkifuata utaratibu huo spika hazitapasuka na kinanda hakitapigwa na umeme wa ghafla.

Stima ikikatika, chomoeni. Inaporudi huja kwa nguvu.

Soda, chai na mishumaa visiwekwe juu ya kinanda, hata kama mwenye chai ni mgeni wa heshima. Kila baada ya kutumia, kifutwe kwa kitambaa kikavu na kuingizwa kwenye mfuko wake. Leso peke yake haizuii mende. Mende hupenda joto la ndani na panya hupenda nyaya.

Kwenye boda boda kinanda kibebwe na mtu, kisifungwe kwa mpira nyuma ya kiti. Barabara zetu mnazijua.

7. Wachezaji watatu

Kisa chetu kilianza kuharibika hata kabla ya mlango wa disketi. Kiliharibika siku kikundi kilipotegemea kijana mmoja. Hakufanya vibaya kwenda mjini. Kila mzazi anamwombea mwanawe kazi. Kosa lilikuwa la kikundi, kwamba hakuna aliyekaa kando yake kujifunza.

Tunashauri kila kikundi kiwe na wachezaji watatu, na mmoja wao awe mwanamke. Mara nyingi wasichana huachwa kuimba tu, wavulana wakishika mashine. Lakini aliyeolewa hapo kijijini huenda akakaa miaka mingi kuliko kijana anayetafuta kazi.

Mafunzo yasianze na staili. Yaanze na piano tupu, bila mdundo. Mwezi wa kwanza, mwanafunzi ajifunze doh, fah na soh za mkono wa kushoto. Mwezi wa pili, ashike mwendo kwa kupiga makofi na kuhesabu, bila mashine kumsaidia. Mwezi wa tatu, staili iwashwe. Kwa njia hiyo stima ikikatika katikati ya ibada, wimbo hautakatika. Na kinanda kikibadilishwa baada ya miaka 8, ujuzi wa mikono unahamia kwenye kinanda kipya siku hiyo hiyo, bila flashi wala waya.

8. Ngoma zetu zisisahaulike

Kuna jambo moja la mwisho, na kwetu ni zito. Arenja nyingi huja na staili zilizopangwa na watu wa mbali kwa masoko ya mbali. Kuna waltz, kuna bosanova, kuna disko. Midundo ya kwetu ni haba. Matokeo yake ni kwamba kwaya inabadilisha wimbo ili uingie kwenye mashine. Wimbo wa mwendo wa sita kwa nane, wa kucheza kwa mabega, unanyooshwa uwe wa nne kwa nne kwa sababu "ndiyo staili iliyopo". Baada ya miaka michache vijana hawajui tena ulivyokuwa.

Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Hatusemi ni kinanda kilichoidhoofisha. Tunasema kwamba ngoma isiyopigwa na vijana haikai, na kinanda kisiwe sababu ya kuwaondoa wapigaji waliopo.

Vinanda vya daraja la kati na la juu vinaruhusu mchezaji kutunga staili yake. Kama chenu kinaruhusu, mleteni mzee anayejua ngoma, akae na kijana, na mdundo uingizwe polepole. Kama hakiruhusu, zimeni ngoma za mashine, mwache kinanda kitoe besi na piano, na ngoma zipigwe na mikono ya watu. Hilo halihitaji pesa, na linawarudishia kazi wale waliokuwa wamekaa.

9. Jibu letu kwa mama mweka hazina

Mama, tunarudi kwenye swali lako. Jibu ni ndiyo, nunueni kingine, lakini msianze na kununua.

Kwanza, zipelekeni disketi mjini kwa mtu wa kompyuta mwenye kifaa cha kusomea disketi kinachochomekwa kwa waya. Zile ambazo kijana alizihifadhi kwa njia ya MIDI zitafunguka. Zile zilizohifadhiwa kwa njia ya kampuni yenyewe zitahitaji kinanda cha aina ile ile. Kwa hizo muulizeni fundi habari ya kifaa kidogo kinachowekwa mahali pa mlango wa disketi ili kinanda kisome flashi. Kipo, na kwa vinanda vingi kinafaa. Huenda kile cha kwenye stoo bado kina maisha.

Pili, mpigieni yule kijana simu. Akija likizo, mlipieni nauli na chakula, akae na wanafunzi watatu kwa juma moja.

Tatu, anzeni ile akiba ya shilingi 30 mwezi huu.

Ndipo mkanunue, na mnunue kidogo mnachoweza kukitunza. Mashine zitaendelea kubadilika, nyingine zitakufa na nyingine zitakuja. Kikundi chenye daftari, akiba na watu watatu wanaojua kazi hakitaogopa mabadiliko hayo.

Maswali ya kujadiliana

1. Kama kinanda chetu kitaharibika leo, ni nyimbo ngapi tutakazozipoteza? Ziko kwenye daftari?

2. Ni watu wangapi kati yetu wanaoweza kukicheza? Ni akina nani watakaoanza kujifunza, na lini?

3. Risiti ya kinanda chetu ina jina la nani?

4. Je, tunahitaji arenja, wokisteshoni, ama simu zetu na ngoma zatosha kwa sasa?

5. Ni mdundo gani wa kwetu ambao vijana wetu hawaujui tena? Ni mzee gani bado anaujua?

Kazi ya kufanya kabla ya mkutano ujao: chagueni wimbo mmoja tu, muuandike kwenye daftari kwa solfa, maneno na kordi, kisha muuimbe na kuurekodi kwa simu. Mkimaliza huo, anzeni wa pili. Haba na haba hujaza kibaba.

Mungu awabariki katika kazi ya mikono yenu na katika kuimba kwenu.